Watoto wa msingi na katuni: kwa nini wakiulizwa wanaishia kusema "inachekesha"?

#1 MwlTandika
Habari wakuu. Nawalenga walimu, wachoraji na wazazi wa hapa Dar.

Mtoto wa darasa la 3 anaweza kukusimulia katuni nzima: nani alimkimbiza nani, nani alidondokea kwenye pipa, nani alicheka mwisho. Haruki kitu. Sasa mwulize kuhusu mchoro wenyewe. Kwa nini yule mbaya kachorwa mabega mapana na kichwa kidogo? Kwa nini usiku ule umepakwa zambarau badala ya kiza? Utaambiwa "inachekesha", "nzuri", kisha kimya.

Dai langu: kosa liko kwenye maswali yetu. Tunaiuliza katuni kama tunavyouliza habari ya ufahamu, na mtoto anajua kwamba jibu moja tu ndilo lenye tiki, kwa hiyo anajihami kwa neno fupi. Mwenye njia inayofanya kazi darasani aiweke hapa kwa hatua, na aseme ni kwa watoto wangapi. Asanteni.

#2 Penseli2B
Hapo umenena, mwalimu. Kuna maswali matatu yaliyotungwa na Abigail Housen na Philip Yenawine kule Marekani kwa ajili ya kuzungumzia picha na watu wasiosomea sanaa. Kwa Kiswahili cha darasani yanakuwa hivi:

Kuna nini kinaendelea kwenye picha hii?
Umeona nini kinachokufanya useme hivyo?
Nini kingine tunaweza kukiona?

La pili ndilo linalobeba kazi. Mtoto akisema "huyu ana hasira", usimwambie vizuri wala hapana. Mwulize kaona nini. Hapo analazimika kurudi kwenye mstari: nyusi zimeshuka katikati, mdomo umekuwa pembe nne, mwili umeinamia mbele. Tayari anazungumzia mchoro, na wewe hujatamka neno "sanaa".

Utaratibu: picha moja tu, iliyosimama. Dakika 1 ya kutazama kimya kabla ya mkono wowote kunyooshwa, na dakika hiyo ihesabiwe kwa saa kweli, maana mwalimu akikisia huishia sekunde 15. Kisha maswali, dakika 15 hadi 20. Kila jibu liseme upya kwa maneno yako huku kidole chako kikigusa sehemu aliyoitaja, ili wa nyuma waone mnazungumzia wapi. Inapoharibika ni pale mwalimu anaposema "vizuri sana!" kwa jibu moja. Kuanzia hapo darasa zima linatafuta jibu linalofanana na lile.

#3 ChakiNyeupe
Mkuu Penseli2B, hayo ni ya darasa la watoto 20 lenye zulia. Shule zetu darasa moja watoto 80 hadi 100, dawati moja watatu au wanne. Picha moja ukiibandika ubaoni, kuanzia safu ya nne hawaoni kitu. Na projekta usiniambie, madirisha hayana pazia, saa nne asubuhi picha ukutani inakuwa maji ya mchele.

#4 Penseli2B
ChakiNyeupe, sawa, tugawe. Watoto 80 ni makundi 10 ya watoto 8. Toa kopi 10 za A4 za mchoro uleule. Uleule, usiwape michoro tofauti, la sivyo mjadala wa pamoja hautakuwepo. Chagua katuni ya mistari myeusi juu ya nyeupe. Katuni ya rangi ikipita kwenye mashine ya kopi ya nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani vyote vinatoka kijivu kilekile na mhusika anamezwa na mandhari yake.

Kila kundi liwe na mshika-kidole, huyo kazi yake ni kugusa kila kinachotajwa. Mwandishi asiwepo. Mkimpa mmoja kuandika, saba wanamsubiri amalize sentensi na mazungumzo yanakufa. Dakika 8 kwenye makundi, halafu kila kundi litoe jambo 1 ambalo halijasemwa na waliotangulia. Kundi la kumi ndilo litakaloona vitu vya ajabu zaidi, kwa sababu rahisi zote zimekwisha.

#5 BintiWaMagomeni
Mleta mada, napingana nawe kidogo. Swali zuri halimsaidii mtoto asiye na maneno. Anaona kwamba mstari umechorwa kwa namna fulani lakini msamiati alio nao ni "mzuri" na "mbaya". Mpe maneno kwanza.

Orodha ya kubandika ukutani kwa manila, herufi za kimo cha sentimita 5 hivi ili zisomeke nyuma. Mstari: mnene, mwembamba, uliopinda, uliovunjika, uliochanganyikana, wenye mikwaruzo. Umbo: mviringo, mraba, pembetatu, lenye ncha, lililotuna. Rangi: kali, iliyofifia, ya joto, ya baridi. Nafasi: mbele, nyuma, ukingoni, imejaa, imeachwa wazi. Maneno 6 kwa wiki yanatosha. Ukibandika 30 siku ya kwanza hakuna atakayeyatazama.

Kisha mchezo wa dakika 5: mtoto anachagua neno ukutani na kuligusa kwenye mchoro. "Mstari uliovunjika, huu hapa, kwenye mkia." Basi. Wakishazoea, waulize mstari ule ungekuwa mnene ingekuwaje.

#6 KinyongaMjini
Mimi nadhani wote mnazunguka. Sababu ni kasi. Katuni ya televisheni ni michoro 24 kila sekunde, mtoto ataona saa ngapi jinsi ilivyochorwa? Anachobaki nacho ni hadithi. Zima televisheni, msomeshe kwa katuni ya gazetini iliyotulia.

#7 FremuKwaFremu
KinyongaMjini, rekebisha hapo. 24 ni fremu (picha moja moja za filamu) kwa sekunde, si michoro. Katuni nyingi kila mchoro unapigwa picha mara mbili, kwa hiyo michoro ni 12 kwa sekunde, na kazi za bei nafuu hushuka hata 8. Mara nyingine mwili wote umetulia na mdomo peke yake ndio unaobadilishwa. Watoto wakilijua hilo wanaanza kuliwinda wenyewe: "Mwalimu, mkono haujasogea!"

Na usiizime televisheni, isimamishe. Kwenye simu au laptop simamisha katikati ya mwendo wa haraka, mhusika anaporuka au kupiga. Utakuta mchoro wa ajabu: mkono umenyooka kama utepe, uso una macho manne, mguu umekuwa wingu. Watoto watacheka. Waache wacheke, kisha uliza kwa nini mchoraji, ambaye anajua kuchora mkono vizuri, kaamua kuchora hivi. Endesha tena polepole. Watagundua kwamba ule mchoro uliovurugika ndio unaofanya kasi ionekane.

Ila njia ya uhakika kuliko zote ni wachore wenyewe kitabu cha kupepeta. Vipimo hivi hapa:

Karatasi za A4 za gramu 80, tatu kwa mtoto. Kunja na kata kila moja vipande 8, unapata vipande 24 vya sentimita 7.4 kwa 10.5. Usitumie karatasi za daftari, ni laini mno, zinashikana na kupepeta mbili mbili. Vipange, gongagonga ukingo mmoja juu ya dawati hadi uwe sawa kabisa, kisha bana upande mfupi kwa klipu nyeusi ya chuma. Stepla ndogo haipenyi karatasi 24. Kama klipu hakuna, toboa kwa sindano nene matundu matatu na ushone kwa uzi.

Anza kuchora ukurasa wa MWISHO, uje mbele. Karatasi ya juu ikilala juu ya ile uliyochora, mchoro wa chini unaonekana kwa mbali na mtoto anajua asogeze kiasi gani. Mpira wa kipenyo cha sentimita 1, usogezwe milimita 3 kila ukurasa. Vipande 24 kwa mwendo wa michoro 12 kwa sekunde ni sekunde 2 tu za katuni, na kipindi cha dakika 40 hakimalizi. Tenga vipindi viwili, cha kwanza kiwe cha kukata na kubana.

Yanayoharibika: kusogeza sentimita 2 kwa mkupuo (mpira unatoweka na kuibuka mahali pengine), kuchora karibu na klipu (hakionekani ukipepeta, acha sentimita 2), na kubadilisha ukubwa wa mhusika bila kukusudia. Hili la mwisho usilikataze. Waulize mhusika anaonekana anafanya nini. Watasema anapumua.

Mtoto aliyechora 24 kwa ajili ya sekunde 2 haitazami katuni tena kama zamani. Maneno yatakuja yenyewe.

#8 BintiWaMagomeni
FremuKwaFremu, asante kwa vipimo. Lakini "maneno yatakuja yenyewe" sikubali. Nenda kwenye karakana yoyote ya watoto uone: wanachora vizuri, ukiwauliza wanarudi kwenye "nzuri". Mkono na ulimi ni njia mbili, kila moja inafunzwa kivyake.

#9 MzeeWaManila
Wakuu, niongeze chepesi zaidi kwa darasa la 1 na la 2 ambao kitabu cha kupepeta kitawashinda. Duara la manila kipenyo sentimita 7, matundu mawili kushoto na kulia, uzi kila upande. Upande mmoja tundu la ndege, upande wa pili ndege. Zungusha uzi kwa vidole, ndege anaingia tunduni. Kichezeo hiki kilikuwepo Uingereza tangu miaka ya 1820.

Kosa linalorudiwa na watu wazima pia: ndege lazima achorwe KICHWA CHINI ukilinganisha na tundu lake, kwa sababu duara linageuka juu-chini. Ukimchora wima ataonekana amening'inia kama popo. Na wachore kwa penseli nzito au kalamu ya felti, mstari mwembamba hauonekani ukizunguka.

Ukimaliza waelezee: jicho linashikilia picha ya kwanza kidogo kabla haijafutika, ya pili inaikuta.

#10 Hisabati_na_Rangi
MzeeWaManila, shikamoo. Maelezo hayo ya jicho kushikilia picha yanafaa kwa ndege na tundu lake, maana pale picha mbili zinalaliana. Kwa katuni inayotembea hayatoshi. Kama jicho lingekuwa linashikilia tu, tungeona mikono 12 imerundikana, si mkono mmoja unaosogea. Max Wertheimer mwaka 1912 alionyesha kwamba taa au mistari miwili inayopokezana kwa muda unaofaa huonekana kama kitu kimoja kinachohama. Ni kazi ya ubongo kuunganisha.

#11 MzeeWaManila
Marahaba. Ubongo sawa, ila jicho nalo lina sehemu yake. Tengeneza boksi la mviringo lenye michoro 12 ndani na nyufa 12, lizungushe. Ukichungulia kwenye nyufa unaona mwendo, ukitazama kwa juu bila nyufa unaona ukungu mtupu. Ubongo ni uleule, kilichobadilika ni namna picha inavyolifikia jicho.

#12 Hisabati_na_Rangi
Nyufa zinazuia picha zisikokoteke, hilo kweli. Lakini bado zinatoa picha moja moja zilizokatika, na mwendo unaundwa kichwani. Watoto wapewe maelezo yote mawili na boksi lenyewe, wabishane.

#13 ChakiNyeupe
Nyinyi wawili mtatumalizia uzi. 😀 Turudi kwa watoto. Nilidhani katuni ilianza na Disney mwaka 1928 na yule panya kwenye meli, hicho kipande kinafaa kuanzia?

#14 FremuKwaFremu
Kinafaa, ila si mwanzo. Émile Cohl wa Ufaransa alitoa Fantasmagorie mwaka 1908, na Winsor McCay alimchora dinosaria Gertie mwaka 1914. Steamboat Willie ya 1928 sifa yake ni sauti iliyofungamana na mwendo.

Fantasmagorie ni nzuri mno kwa darasa la 4 na la 5. Haina maneno, ni mistari myeupe juu ya weusi kama chaki ubaoni, na kila kitu kinageuka kuwa kingine. Simamisha kila baada ya sekunde 10 na uulize: kitageuka kuwa nini, na umeona dalili gani?

#15 MamaNeema_Mbagala
Samahani naingilia, mimi ni mzazi. Kwa nini kuta za shule za awali mitaani zote zimejaa Mickey aliyekosewa masikio? Tuna wachoraji wetu hapahapa Oysterbay.

#16 Penseli2B
Dada, hata huyo Mickey wa ukutani ni somo. Kachorwa kwa miduara: kichwa duara, masikio duara. Kwenye katuni zake, kichwa kikigeuka masikio yanabaki miduara miwili, ingawa sikio la kweli lingeonekana kwa ubavu. Wape watoto Mickey wa ukutani na Mickey halisi, waseme tofauti tano na kila tofauti imembadilisha vipi tabia. Sikio likiwa yai badala ya duara, haonekani mchangamfu.

Kisha jaribio la kivuli: mhusika apakwe wino mweusi wote, wanafunzi wamtambue kwa umbo tu. Mhusika aliyebuniwa vizuri anatambulika. Wafanye hivyo na wahusika waliowabuni wenyewe, asiyetambulika akatengenezwe upya.

#17 KandaMbili
MamaNeema kagusa penye uzito. Watoto wa Dar wanafundishwa kuthamini katuni kana kwamba zote zinatoka ng'ambo. Ubongo Kids inatengenezwa hapa Dar es Salaam tangu 2014, na Akili and Me nayo ni ya hapa. Simamisha fremu, funika wahusika kwa kipande cha karatasi, bakiza mandhari, uliza: hapa ni wapi, na nini kinakuambia? Mtoto ataanza kutaja miti, paa, rangi ya udongo. Mandhari ndiyo sehemu isiyotazamwa na mtu.

Na ukitaka wajue kwamba katuni ni ndugu ya sanaa nyingine, weka kopi ya Tingatinga pembeni. Edward Saidi Tingatinga alipaka rangi ya mafuta ya wasanii kwenye vipande vya mraba, mnyama mkubwa katikati, rangi bapa, ukingo uliokatwa safi. Waulize vinafanana wapi na katuni.

#18 Hisabati_na_Rangi
Kandambili, sahihisho: alitumia rangi ya enameli, ile ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Ndiyo sababu inang'aa vile na rangi zimekaa bapa. Hilo waambie watoto, kwa sababu linajibu swali la "kwa nini hakuna kivuli kwenye duma". Sehemu ya jibu ni kopo la rangi.

Ongeza na msanii wetu George Lilanga (1934–2005). Mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotuna, watoto wanayaita katuni bila kuambiwa. Waache wayaite hivyo, kisha waseme yanafanana na katuni kwa nini, na kwa nini yako kwenye makumbusho na majumba ya sanaa.

#19 Mwl_Ilala_Mstaafu
Nimewasoma wote. Sababu nyingine hamjaitaja: umri. Housen huyohuyo aliyetajwa na Penseli2B aligawa watazamaji katika ngazi 5, na wa ngazi ya kwanza ni wasimulizi. Wanaiona picha kama hadithi. Mtoto wa miaka 8 anayesimulia katuni hajashindwa kitu, yuko pale anapotakiwa kuwa. Tukimkatisha ili atuambie kuhusu mstari tunamnyang'anya njia yake ya kuingilia.

Na wanapofika miaka 9 au 10 wanaanza kudai uhalisia. Utasikia "hii mbaya, mkono una vidole vinne". Usiwabishie. Waambie wachore mkono mmoja wenye vidole 5 mara kumi na wa vidole 4 mara kumi, wajionee kazi inavyopungua na mkono unavyosomeka ukiwa mdogo.

#20 MwlTandika
Mwalimu, shikamoo. Basi tusiwaulize kabisa mpaka wakue?

#21 Mwl_Ilala_Mstaafu
Marahaba. Waulize kupitia hadithi. "Umejuaje kwamba ameogopa kabla hajasema kitu?" Ni swali la hadithi na jibu lake liko kwenye mchoro.

#22 KinyongaMjini
Bado nasimama na katuni ya kuchapwa. Historia yake hapa ni ndefu: Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, jarida la Sani na akina Madenge na Ndumilakuwili, Kipanya wa Masoud, na Gado aliyezaliwa hapa Dar mwaka 1969 akaenda kuchora Nairobi.

Chagua ya fremu 4, yaani visanduku vinne vya picha, isiyo ya siasa wala utani wa wakubwa, isome yote mwenyewe kwanza. Zikate fremu, zivuruge, kundi lizipange. Wakipanga tofauti na mchoraji, usisahihishe, waulize wameona nini. Pili, futa maneno kwenye mapovu kwa karatasi nyeupe, waandike mapya yanayolingana na nyuso. Tatu, ficha fremu ya mwisho. Ubaya mmoja: fremu zikikatwa sawasawa na mstari wa ukingo, wenye macho makali wanaunganisha kwa kufuata mkato wa mkasi. Kata zote kwa rula, ukubwa mmoja.

#23 KandaMbili
Na sauti je? Mnaisahau. Kipande cha sekunde 30: mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili macho yamefumbwa wasikie tu, mara ya tatu vyote. Tom and Jerry zile za zamani zinafaa kwa sababu maneno ni machache na muziki wa Scott Bradley unafuata kila hatua ya paka. Kwa watoto 80 spika ya simu haisikiki, tafuta spika ya nje hata ndogo.

#24 ChakiNyeupe
Swali la mwisho kwangu: maksi. Hii tunaisahihishaje? Bila maksi mkuu wa shule anakichukua kipindi kwa ajili ya Hisabati, hasa darasa la 4 lenye mtihani wa taifa.

#25 Penseli2B
Ukiweka maksi kwenye maoni umerudi kwenye tatizo la mleta mada, wataanza kuotea jibu lako.

#26 BintiWaMagomeni
Weka maksi kwenye ushahidi, si maoni. Kila mtoto aandike sentensi 1 yenye "kwa sababu naona..." Ana sababu inayogusika mchoroni, 2. Ana sababu lakini haipo mchoroni, 1. Hana, 0. Sentensi 80 unazipitia jioni moja.

#27 Mwl_Ilala_Mstaafu
Hiyo inampima anayeandika vizuri. Yule wa darasa la 3 anayesoma kwa shida lakini anaona kila kitu umempa 0.

#28 BintiWaMagomeni
Huyo agonge kidole kwenye mchoro na aseme kwa mdomo, mwalimu aweke tiki kwenye orodha ya mahudhurio. Watoto 10 kwa kipindi, wiki 8 umewamaliza 80.

#29 MamaNeema_Mbagala
MzeeWaManila, lile boksi la nyufa, upana wa ufa kiasi gani? Tumejaribu nyumbani tunaona ukungu tu.

#30 MzeeWaManila
Milimita 3, isizidi 4. Nje paka nyeusi au bandika karatasi nyeusi, ukanda wa michoro ukae chini ya nyufa, na utazame kupitia ufa wa mbele kwenda mchoro wa upande wa pili, si ule ulio karibu nawe. Mwanga uangukie ndani ya boksi. Kama bado ni ukungu, nyufa ni pana. Zibe nusu kwa selotepu nyeusi na ujaribu tena.